Yaliyobaki Sikioni mwa Papa Byamungu

Waliniaga kwa spika. Nimefanya kazi ya masikio tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote, nimewaonya watu wa Kampala juu ya kelele mpaka koo likanikauka, na siku ya kustaafu kwangu kliniki ya masikio ikakodi spika mbili ndefu kama kabati, ikazielekeza kwenye viti vya mbele nilikokaa mimi. Nilipopewa kipaza sauti kilipiga yowe, watu wakaziba masikio, mshereheshaji akatangaza kwamba pilau inapoa. Hotuba yangu ikaishia hapo. Kwa hiyo yale niliyotaka kuwaambia ninyi vijana mnaobaki nimeamua kuyaandika. Mtakula huku mnasoma, mkipenda.

Vyeo sitavisimulia. Nilipopandishwa nilibandikiwa mlangoni kibao kipya ambacho jina langu, Nasimiyu, lilikosewa kwa namna mpya. Mishahara nayo iache ilale, ilikuwa na usingizi tangu zamani.

Mimi ni mtu wa Bungoma, upande wa Kenya. Nilimfuata mume wangu Kampala alipopata kazi ya vipuri vya malori, na nikaajiriwa kupima usikivu kwenye kliniki ya binafsi, juu ya kilima ambacho ukisimama kwenye ngazi zake unaona mapaa ya hospitali ya Mulago ng'ambo ya bonde. Waliniajiri kwa ajili ya ulimi wangu. Wakongomani na Wakenya walikuwa wanazidi kuja, na hapakuwa na mtu wa kuwaelewa. Mnajua Kiswahili kilivyo katika mji huu. Wenyeji wengi walikifahamu kama lugha ya askari na ya waliokimbizwa na askari, kwa hiyo nikisema "habari za asubuhi" pale mapokezi, bibi fulani angeukumbatia mkoba wake kifuani.

Siku ya kwanza nilionyeshwa chumba kisichopitisha sauti, fahari ya kliniki. Kilikuwa kimeletwa kwa meli, na mafundi wakakifunga baina ya jenereta na ukuta wa jirani yetu, kanisa lenye maombi ya mchana. Hata hivyo ndani yake palikuwa patulivu kuliko mahali popote Kampala, na Mkurugenzi alikuwa ameshaligundua hilo kabla yangu. Alikuwa akiingia humo kupiga simu. Mara nyingi nilisimama kwenye korido na mgonjwa asiyesikia, tukisubiri, huku nyuma ya kioo Mkurugenzi akipaza sauti, "Haloo? Haloo? Unanisikia?"

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Opio, mtu wa Lira, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniachia neno moja ambalo nimelitumia kuliko mashine zote. "Usimuulize mtu amepoteza nini," alisema. "Hilo atakuambia bila kuulizwa. Muulize bado anasikia nini."

Nilidhani ni adabu tu ya wazee. Miaka ikapita kabla sijaelewa kwamba alikuwa ananifundisha utabibu.

Ndipo tukaanza kupandikiza. Kwa wale watakaolisoma hili wasio wa kazi yetu: ndani kabisa ya sikio kuna kitu kidogo kilichojikunja kama gamba la konokono. Sauti nyembamba husikika pale mlangoni mwa gamba, sauti nzito husikika mwishoni, kule kwenye kikunjo cha ndani. Mtu ambaye kisaidizi cha kawaida cha kusikia hakimfai tena, daktari anaweza kumwingizia humo uzi mwembamba wenye vituo vidogo vya umeme, na nje akavaa kifaa nyuma ya sikio kinachoupelekea uzi ule sauti. Ni jambo la ajabu, na nimeliona mara nyingi bila kulizoea.

Daktari wetu wa upasuaji alikuwa Kasule. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yote niliyowahi kuona, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Alikuwa na haraka. Aliingia chumba cha upasuaji akipiga mluzi, akatoka kabla chai haijapoa, na Mkurugenzi aliwaambia wageni kwamba tuna daktari mwepesi kuliko wote Afrika Mashariki, kana kwamba mgonjwa ni mpira wa kona. Wagonjwa wetu wa mwanzo walikuwa hawasikii kitu kabisa. Kwao haraka haikudhuru. Kisichokuwepo hakivunjiki.

Kisha akaja mwalimu mmoja mstaafu wa Tororo. Maneno yalikuwa yamempotea, ila sauti nzito bado alikuwa nazo: radi, lori, ng'ombe, mvua ya usiku juu ya mabati. Kasule akampandikiza kwa wepesi wake. Maneno yakarudi, na mama wa watu akalia kwa furaha, nasi tukalia naye. Aliporudi mara ya pili alinishika mkono.

"Sista, maneno nayapata, Mungu awabariki. Lakini mvua yangu imekwenda wapi?"

"Huisikii?"

"Naisikia. Ni kama mtu anakaanga mayai nyumba ya pili."

Nikampima bila kifaa. Zile sauti nzito hazikuwepo tena, hata moja. Nilipompelekea Kasule matokeo aliyatazama akiwa amesimama.

"Maneno anayaelewa, hayaelewi?"

"Anayaelewa."

"Basi," akasema, akasaini, na kwenye taarifa ya kliniki mwalimu yule akaandikwa kuwa amefaulu. Kweli alikuwa amefaulu. Mvua haikuwa na mstari wake kwenye fomu.

Sitaki mumwone Kasule mtu mbaya. Ulikuwapo tayari ujuzi wa kuingiza uzi ule bila kuharibu kilichobaki. Alikuwa ameusikia kwenye mkutano wa madaktari ng'ambo, alikotoka na begi lenye nembo, kalamu sita na baridi ya kifua. Baadaye zikaja nyuzi laini zaidi, na vifaa vinavyomsaidia mtu kwa njia mbili katika sikio lilelile: umeme kwa sauti nyembamba, na kukuza tu zile nzito ambazo bado sikio linazipata lenyewe. Teknolojia ilishuka Entebbe kwa ndege. Subira haikuwemo kwenye boksi.

Papa Byamungu, maana Wakongomani humwita mzee wao Papa, alikuja kwetu akiwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye koti la kahawia hata siku ya jua. Alikuwa ametoka upande wa Bukavu kwa vita, akaanza Kampala kwa kuuza vitenge begani, na sasa alikuwa na kibanda chake katika soko la Kikuubo, ndani kabisa, kule ambako watu hupishana kwa ubavu. Jumapili alikuwa kiongozi wa kwaya ya kanisa la Wakongomani, na mwimbaji wa besi.

Nikamuuliza swali la Mzee Opio. Bado unasikia nini?

"Batu nabasikia," alisema. "Ni maneno njo sisikie. Ngoma nasikia. Mabesi nasikia. Mutu akisema sita, mi nasikia i na a. Akisema tisa, nasikia i na a."

Fikirieni wenyewe kuuza kitenge kwa jumla Kikuubo bila kutofautisha sita na tisa. Mteja wa Arua aliagiza robota sita akapelekewa tisa, akazirudisha tatu pamoja na matusi. Mwingine aliagiza tisa akapata sita, akahamia kwa jirani. Jirani, ndugu wa kanisa moja, alianza kuwaambia watu kwamba Byamungu amezeeka. Mwanamume huyu alikuwa anapoteza kazi yake kwa konsonanti mbili.

Kipimo kilionyesha alivyosema. Sauti nyembamba, hakuna. Sauti nzito, karibu kama zangu. Nikampeleka kwa Kasule.

Sasa, Kasule alikulia kambi ya polisi, baba yake akiwa koplo, na Kiswahili alichojifunza hapo kilikuwa cha kukamata mtu. "Kaa!" akamwambia Papa Byamungu. "Geuka! Usitingishike!" Papa Byamungu, ambaye alikuwa amekimbia wanajeshi mara mbili maishani mwake, akainua mikono juu.

"Shusha mikono, mzee," nikasema haraka. "Daktari anataka kuona sikio tu."

Kasule akaona aibu, na aibu ikamfanya aseme sana. Akaeleza jinsi maneno yatakavyorudi, biashara itakavyonyooka, simu atakavyoongea mwenyewe bila kumwita mke. Mimi nikitafsiri. Papa Byamungu akasikiliza kwa macho, hadi mwisho.

"Docteur, yenye utanipa nimeelewa," akasema. "Yenye utachukua ni gani?"

Kasule akanitazama. Sikumsaidia.

"Pengine hizo sauti nzito," akasema. "Lakini ni kidogo tu kilichobaki, mzee."

"Kidogo kwa nani?"

Nimekaa vikao vingi vya madaktari, vyenye projekta na biskuti. Humo sijasikia swali kama lile. Kasule alifungua faili, akalifunga. Papa Byamungu hakuwa na hasira hata kidogo. Alivaa kofia yake akasema, "Siku ya Mungu mukuje kanisani, wewe na Sista. Mama atapika. Muone hiyo kidogo."

Tulikwenda. Kasule alisema anakwenda kwa ajili ya sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo. Kanisa lilikuwa la mabati, joto kama ndani ya sufuria, na baada ya ibada kwaya ilibaki kufanya mazoezi. Papa Byamungu alisimama mbele akiwa amewapa mgongo wanawake wote wa sauti ya kwanza, uso kwa wanaume wa besi. Maneno aliyafuata midomoni mwao. Lakini mlio wenyewe ulikuwa unamfikia, mngeuona unamfikia: ukimpanda kutoka miguuni, mabega yakilegea, na uso wa mtu anayekosewa heshima Kikuubo juma zima ukafunguka, akaimba nao. Kasule alikuwa na kipande cha samaki mkononi. Alikishika hivyo hivyo mpaka wimbo ukaisha.

Tuliporudi, gari la Kasule lilikwama kwenye foleni.

"Nikiharibu kile," akasema, "yule mzee hatanishtaki."

"Hawezi."

"Ataniombea. Naona kabisa, atasimama pale aniombee kwa jina." Akapiga honi bila sababu. "Afadhali wangenishtaki."

Tangu siku hiyo Kasule akaanza kubaki baada ya saa za kazi, akifanyia mazoezi mfano wa plastiki wa gamba la sikio, akisukuma uzi polepole, akiutoa, akisukuma tena. Alikuwa hovyo. Mkono uliozoea kukimbia hautembei kirahisi. Niliwahi kumsikia akiutukana mkono wake kwa Kiswahili cha polisi.

Hapo ndipo Mkurugenzi akapata wazo.

Kifaa cha Papa Byamungu kilikuwa kimelipiwa na wafadhili, na wafadhili walikuwa wanakuja kukiona kikiingia. Basi iwe sherehe! Hema litajengwa uani, upasuaji utaonyeshwa moja kwa moja kwenye skrini kubwa, mgeni rasmi atatoka serikalini. Ratiba ilichapwa kwa rangi. Upasuaji uliwekwa baina ya ngoma za utamaduni na hotuba ya mgeni rasmi, na ulipewa nafasi ndogo kuliko ya kukata keki.

Nilimwambia Mkurugenzi kwamba safari hii kazi itachukua muda. Akanipigapiga begani. "Sista, Kasule tunamjua."

Papa Byamungu naye aliitwa kupewa taarifa, akaletewa soda. Aliisoma ratiba kwa utulivu, kama anavyokagua kitambaa.

"Ngoma, sawa," akasema. "Keki, sawa. Hata mimi napenda keki. Ni kitu kimoja tu naomba. Docteur asivae saa."

Mkurugenzi akacheka, akaahidi. Alikuwa mtu wa kuahidi. Kasule hakucheka.

Siku yenyewe mimi nilikuwa ndani ya chumba cha upasuaji na kompyuta yangu, kwa sababu uzi ukishaingia lazima tujaribu kama kila kituo kinafanya kazi. Papa Byamungu amelala, usingizi wa dawa, bila kofia, akionekana mtu mdogo. Kasule akaanza. Kutoboa mfupa alitoboa kwa wepesi wake wa zamani, na mashine ya kutoboa inapendeza kwenye skrini, ina mlio na maji na vumbi la mfupa. Kupitia ukutani tukasikia makofi ya hema zima.

Kisha akafika kwenye kile kidirisha cha mviringo, mlango wa gamba. Akaweka matone ya dawa ya kutuliza uvimbe. Akasubiri. Akafungua utando kidogo kabisa, bila kufyonza hata tone, akaugusisha uzi mlangoni, akaanza kuuingiza.

Tazameni mkono wa saa ya ukutani mkaone kama unasogea. Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake na sikuona kitu kikienda.

Simu ya ukutani ikalia. Muuguzi akaiweka kwenye spika. Alikuwa Mkurugenzi.

"Daktari, mgeni rasmi anauliza kama picha imekwama."

"Picha haijakwama," Kasule akasema, macho kwenye hadubini.

"Basi nini kimekwama?"

"Hakuna kilichokwama. Naingiza."

Simu ikakatika. Kasule akasimamisha mkono, akapumua, akaendelea. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye barakoa, muuguzi akamfuta. Simu ikalia tena.

"Daktari, watu wa kamera wanasema hakuna mwendo. Mgeni rasmi anaomba mwendo kidogo tu, halafu utaendelea na mambo yako."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimwona Kasule akiogopa. Mkurugenzi ndiye aliyekuwa anatia saini mkataba wake, na nje kulikuwa na serikali nzima imekaa kwenye viti vyenye mapambo. Angeusukuma uzi ule mara moja tu ungeingia wote, hema lingepiga makofi, na hakuna mtu angejua. Papa Byamungu mwenyewe asingejua mpaka Jumapili.

"Mwambie mgeni rasmi," akasema polepole, "kwamba naingia ndani ya konokono. Mwendo ni wa konokono." Akamgeukia muuguzi. "Kata hiyo simu."

Tukasikia mshereheshaji akimwita mwimbaji wa injili kujaza nafasi. Mwimbaji alijaza, kwa spika. Hadubini ikawa inatetemeka na besi ya gitaa, na Kasule akawa anasimama kila kiitikio, anaendelea kila ubeti. Baada ya wimbo wa tatu tukasikia vijiko. Walikuwa wameamua kula. Uzi ulipofika mahali pake na kompyuta yangu ikaniambia kila kituo kiko hai, hapakuwa na makofi. Mtu pekee aliyebaki mbele ya skrini alikuwa fundi wa kamera, naye alikuwa amelala.

Hotuba ya mgeni rasmi tuliikuta katikati. Aliisifu kliniki yetu kwa kasi.

Kesho yake Mkurugenzi alimwita Kasule akamwambia ameiaibisha taasisi, wafadhili wamedhani vifaa ni vibovu, na keki imekatwa bila mgonjwa wala daktari. Kasule aliniambia alikaa kimya tu, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa bado unauma na hakutaka kuutumia.

Jeraha lilipopona, Papa Byamungu alirudi ili nipime kama kimebaki kitu. Nilimwomba Mkurugenzi atoke chumbani na simu yake. Nikamwomba mtu wa jenereta aizime. Jirani zetu wa maombi hawakuwa na ibada mchana huo. Nikamvalisha Papa Byamungu vipokea sauti vya masikioni, nikafunga mlango, nikampa mlio wa kwanza, mzito, wa chini kabisa. Kasule alisimama nyuma yangu akitafuna kalamu ya mkutano.

Mkono wa Papa Byamungu ukainuka.

Nikapunguza. Ukainuka. Nikapunguza tena, mpaka mahali ambapo mimi mwenyewe kwa umri wangu naanza kukisia. Hapo hakuinua, na nikarudi hatua moja, akainua. Kilikuwa kimepungua kidogo sana. Nikarudia kipimo chote kwa sababu sikujiamini, na jibu likawa lilelile.

"Kipo," nikasema. Kasule akatoka nje kwa haraka, na mara hii nilimsamehe.

Tulipowasha kifaa, Papa Byamungu alikunja uso. "Sista, unaongea kama bata mwenye mafua." Ndivyo kila mtu husema mwanzoni. Umeme ulimletea sauti nyembamba alizozisahau, sikio lake mwenyewe likaleta zile nzito, na ubongo ukaachiwa kazi ya kufungisha ndoa hiyo. Ilichukua majuma. Mkewe alimsomea Zaburi kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Kisha siku moja mteja akasema sita, na Papa Byamungu, aliponisimulia, alisema alimfanya arudie tu kwa raha ya kusikia ile s.

Kumpima maneno nilimwachia Nakabugo, msichana wetu hodari wa Kiganda, ambaye wengi wenu mnamwita bosi leo. Nilikuwa nimeandika orodha ya maneno ya Kiswahili kwa ajili ya wagonjwa wa aina hii. Nakabugo akatoka na karatasi, amehuzunika.

"Sista, mzee hapati. Amekosa mengi sana."

Nikaingia kusikiliza. Nakabugo akasoma, "Mahari." Papa Byamungu akajibu, "Mahari." Nakabugo akaweka alama ya kosa.

"Kwa nini amekosa?"

"Hapa imeandikwa mahali, Sista. Yeye anasema mahari."

"Na wewe umesema nini?"

"Nimesema mahari!" akasema, kwa imani kamili.

Nikarudia orodha mwenyewe. Mzee alipata karibu yote. Sikio lake lilikuwa limepona kiasi cha kusikia l na r za Waganda, jambo ambalo Waganda wenyewe wamelikataa kwa vizazi. Nakabugo alicheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo husoma orodha ile taratibu, ulimi ukiwa chini ya ulinzi.

Wanaoandika taarifa za wafadhili huishia hapa, kwenye picha ya mzee akitabasamu. Mimi sifungi hapo, kwa sababu ninyi ndio mtakaokuwa chumbani yatakapowafika.

Baada ya miezi mingi mzee alirudi bila miadi. Maneno yalikuwa sawa. "Mabesi yanaenda mbali," alisema. Nikampima. Sauti nzito zilikuwa zimeshuka, si zote, ila si kidogo. Hutokea. Unaweza kufanya kila kitu kwa upole, na sikio baadaye likaamua mambo yake, na hakuna mwenye uhakika kwa nini. Kasule akampa vidonge vya kutuliza uvimbe ndani ya sikio, tukangoja. Sehemu ikarudi. Sehemu haikurudi.

Nilimwonyesha mstari wa kipimo cha zamani na wa kipimo kipya, yote miwili. Kasule alikuwapo, amekaa kwenye kiti cha wagonjwa kwa sababu hakikuwepo kingine.

"Yenye imeenda, itarudi?" akauliza Papa Byamungu.

"Hapana, Papa."

"Na yenye imebaki, itabaki?"

Mimi nikatafuta maneno. Kasule akanitangulia, kwa Kiswahili ambacho miezi hiyo kilikuwa kimelainika. "Sijui, mzee. Nilijitahidi. Sijui."

Machozi yalimlenga Papa Byamungu, akayaacha yakauke yenyewe. Halafu akavaa kofia. "Leo tuna mazoezi," akasema. "Nitaimba nao wakati iko. Docteur, twende."

Tukaenda wote watatu, mchana huohuo, kwenye gari la Kasule. Kwaya ilikuwa inangoja. Papa Byamungu aliwaambia wanaume wa besi wasogee karibu naye, karibu zaidi, mpaka wakawa wamemzunguka begani kwa bega, na kwa kuwa Kasule alikuwa amesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba msamaha, akamshika mkono akamwingiza kwenye mstari. "Imba."

"Mimi siimbi, mzee."

"Imba."

Wakaanza. Kasule alianza kwa kunong'ona, kisha akajisahau, akatoa sauti yake yote ya kambini. Mimi nilikuwa benchi la nyuma na sikusikia tofauti, kwangu ulikuwa wimbo mzuri. Papa Byamungu akafumba macho, akainamisha kichwa, akainua mkono, na kwaya nzima ikanyamaza. Akafungua macho, akamnyooshea Kasule kidole.

"Docteur," akasema. "Uko chini."

Watu wakacheka. Kasule hakucheka mara moja. Nimefanya kazi na madaktari maisha yangu yote, na huyo ndiye pekee niliyemwona akiambiwa amekosea mbele za watu, uso ukimng'aa hivyo.

"Kweli umesikia?" akauliza.

"Nimesikia," akasema Papa Byamungu. "Panda. Tuanze tena."